Safu ya Nne

Daftari la wachelewaji lilikuwa na safu tatu:
namba, jina, saa.
Ya nne niliishika mkononi,
fimbo ya mpera niliyoichonga mwenyewe.
Miaka kumi na tisa getini, hapa Kiboriloni,
kati ya uzio wa masale na mtaro wa mvua,
zamu yangu Jumatatu na Alhamisi;
rimu ya lori ikishagongwa
sikuuliza mtu katoka wapi.
"Mikono." Basi.

Mwalimu Aikande alipohamishiwa kwetu kutoka Same
hatukuona ajabu: mama mfupi, viatu vya vumbi.
Wiki ya kwanza hakuitisha kikao.
Alipanga foleni ya uji na darasa la pili,
kikombe chake cha bati mkononi kama wao.
Wiki ya pili akaomba daftari,
akachukua rula, akapiga mstari wima
ukurasa hadi ukurasa, mpaka wino ukafifia,
akaandika juu: Sababu.
"Uliza, Mwalimu Kilewo. Andika. Kisha aingie."
"Na fimbo?"
"Dirisha la ofisi yangu halina kishikio. Niazime."

Tulicheka sana siku ile.
Lyatuu wa sayansi akasema mkuu kaja na kanisa lake.
Mimi nikasema samaki mkunje angali mbichi,
na nilimaanisha.
Sababu! Si watazitunga?
Na kweli walitunga. Mmoja alifiwa na babu yuleyule
mara tatu kabla ya Pasaka.
Nikaandika zote tatu.

Ikaja Alhamisi ya mvua.
Anaeli wa darasa la sita, saa mbili na robo,
kaptula imelowa hadi kiunoni,
mikono keshainyoosha kabla sijafungua mdomo.
Nikauliza. Akanitazama kama niliyemsemesha Kireno.
"Nilikuwa namgeuza bibi."
Kumgeuza?
"Hawezi mwenyewe. Nisipomgeuza, mgongo unatoka vidonda.
Halafu namnywesha uji. Halafu nakuja."
Tangu lini?
"Tangu niko la nne."

Nikaandika: Anamgeuza bibi.
Maneno mawili, na nafasi ikabaki.
Jioni nikafungua kabati, madaftari ya zamani,
nikahesabu alama zangu nyekundu mbele ya jina lake.
Arobaini na moja.
Nikahesabu tena, nikiomba niwe nimekosea.
Mimi ndiye mwalimu wa hesabu.

Sikumwambia Mkuu. Alisoma tu,
kama anavyoisoma kila Ijumaa safu ile moja,
miwani kwenye ncha ya pua.
Jumatatu, hesabu za darasa la sita zikahama
kutoka kipindi cha kwanza kwenda cha tatu.
Na mama Ndeshi, mpishi wetu, akaonekana alfajiri
akifuata njia ya mfereji na chupa ya uji kwapani.
Mstarini hakikusomwa chochote.

Anaeli bado anachelewa. Si kila siku.
Wala sitasema uongo kwamba sasa anaongoza;
sehemu zinamtesa,
na Lyatuu bado ana kiboko nyuma ya ramani ya Afrika.
Mimi mwenyewe, kuna asubuhi kiganja kinaniwasha.

Ila Alhamisi iliyopita, kabla ya kengele,
nilichuma sale moja pale uzioni.
Huku mlimani hakuna asiyejua
anayekujia na jani hilo amekuja kutaka nini.
Nikalilaza ndani ya daftari lake la hesabu,
nikalirudisha daftari kwenye rundo.
Mkubwa hampelekei mtoto sale. Sijawahi kuona.

Alifungua. Alikaa hivyo kitambo,
mvua ikipiga bati.
Kisha akalisogeza jani pembeni, polepole,
lisije likafunika swali la tano,
akachukua penseli,
akaanza kukokotoa.